Utando wa Kukinga Rangi ya Gari: Wa Kiwandani au wa Fundi wa Mjini?

Mtu anaponunua gari jipya, jambo la kwanza analolitazama ni mng'ao wa rangi yake. Ni wachache wanaofahamu kwamba mng'ao huo umo katika tabaka jembamba mno, na kwamba katika nchi ya vumbi na changarawe kama ile inayouzunguka mlima Meru, tabaka hilo laweza kutobolewa katika safari ya kwanza tu. Ili kulihifadhi, siku hizi hubandikwa juu ya rangi utando wa plastiki usioonekana kwa urahisi. Watengenezaji kadhaa wa magari ya michezo huubandika kiwandani. Pia mafundi wa kujitegemea huubandika baada ya gari kununuliwa.

Je, kazi ipi ni bora? Swali hili huulizwa zaidi na wenye magari ya michezo, ambayo ni machache mjini Arusha. Lakini jibu lake linamhusu pia mwenye gari jipya la watalii linalokwenda Ngorongoro na Serengeti, na hata mwenye gari dogo la kawaida. Zaidi ya hayo, linagusa mambo ambayo mwanafunzi wa sekondari huyakuta darasani: nishati ya mwendo, mionzi ya jua, mshikamano wa vitu na kemia ya plastiki.

RANGI YA KIWANDANI

Rangi ya gari si kitu kimoja. Bodi ya chuma husafishwa kwa kemikali, kisha hutumbukizwa katika birika la rangi ya msingi huku umeme ukipitishwa. Umeme huo huzivuta chembe za rangi hadi katika pembe ambazo bomba la kupulizia lisingeweza kuzifikia. Bodi hiyo huokwa katika tanuri lenye joto la nyuzi za sentigredi 160 hadi 180. Baadaye hufuata tabaka la kusawazisha, tabaka la rangi yenyewe, na mwisho tabaka angavu lisilo na rangi ambalo mafundi wetu huliita klia. Hili nalo huokwa katika joto la nyuzi 140 hivi.

Matabaka yote kwa pamoja yana unene wa maikromita 100 hadi 150, yaani unaokaribia unene wa karatasi mbili za daftari. Katika unene huo, klia huchukua maikromita 40 hadi 50 tu. Msomaji akumbuke kwamba maikromita 1,000 hufanya milimita moja.

Kuokwa katika tanuri si kwa ajili ya kukausha tu. Joto huziunganisha molekuli za rangi kwa vifungo vya kikemia hata zikawa kama wavu mmoja. Gari likishaungwa na kutiwa mipira, nyaya, plastiki na mafuta, haliwezi tena kuingizwa katika tanuri la joto kali namna hiyo. Kwa sababu hiyo, rangi ya gereji hutegemea kemikali ya kukazia, maarufu kama hadina, na hukaushwa kwa hewa au kwa joto la nyuzi 60 hivi. Fundi hodari anaweza kupata kazi nzuri sana kwa njia hii, lakini rangi ya awali iliyookwa kiwandani ikishaondoka haiwezi kurudishwa kwa njia ileile. Hapo ndipo thamani ya kuikinga ilipo.

ADUI WA RANGI KATIKA NCHI YA MERU

Mlima Meru, wenye kimo cha zaidi ya mita 4,500, ni volkano iliyotoa majivu mara ya mwisho mwaka 1910. Udongo wa miteremko yake, unaostawisha kahawa na migomba, umetokana na majivu na miamba ya volkano iliyosagika. Ndani yake mna chembe za madini kama feldispa, ambayo ugumu wake katika kipimo cha Mohs ni 6, yaani inaweza kuukwaruza ubapa wa kisu cha kawaida. Ikilinganishwa na chembe hizo, klia ni laini sana. Mtu anapolifuta gari lenye vumbi kwa kitambaa kikavu, hufanya kazi ileile ya msasa: mikwaruzo midogo maelfu hujitokeza, na mng'ao hufifia.

Upande wa kaskazini-magharibi uko Ol Doinyo Lengai, volkano pekee inayojulikana duniani kutoa lava yenye magadi mengi katika zama zetu. Majivu yake, kama yale yaliyotoka katika milipuko ya mwaka 2007 na 2008, yana asili ya alkali. Umande ukiyalowesha juu ya boneti, huwa mchanganyiko wa kemikali unaoweza kuacha madoa.

Adui wa tatu ni jua. Arusha iko karibu nyuzi tatu na theluthi moja kusini mwa Ikweta, katika mwinuko wa mita 1,400 hivi. Mionzi ya urujuanimno huongezeka kwa karibu sehemu 10 katika kila 100 kwa kila mita 1,000 za mwinuko. Mionzi hiyo huvunja vifungo vya kemikali ndani ya rangi, nayo huchakaa kidogo kidogo.

Adui anayeonekana kwa haraka zaidi, hata hivyo, ni jiwe. Tuchukue kijiwe cha gramu 5 kilichotulia hewani au kilichorushwa juu kidogo na gurudumu la gari lililotangulia. Gari likikigonga kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, yaani karibu mita 22.2 kwa sekunde, nishati ya mgongano ni nusu ya tungamo mara mraba wa kasi, ambayo ni jouli 1.23 hivi. Hiyo ni sawa na kuangusha jiwe la kilo moja kutoka kimo cha sentimita 12 na nusu, lakini nguvu yake yote ikiwa imekusanywa katika ncha ndogo kama ya msumari. Mwendo ukipunguzwa hadi kilomita 40 kwa saa, nishati haipungui kwa nusu, bali hushuka hadi robo. Basi kinga ya kwanza ya rangi, na iliyo ya bure, ni kupunguza mwendo na kukaa mbali na gari lililo mbele.

Gari la michezo hupata taabu zaidi kwa sababu ya umbo lake. Pua yake iko chini, karibu na barabara. Madigadi yake ya nyuma hutokeza nje ili kufunika magurudumu mapana, hivyo hupokea kila kijiwe kinachorushwa na magurudumu ya mbele. Afrika Mashariki inaijua hali hiyo vizuri. Mwaka 1973 Shekhar Mehta alishinda mashindano ya magari ya Safari akiendesha Datsun 240Z, gari la michezo. Na mwaka 2011 Björn Waldegård alishinda yale ya magari ya zamani, yaliyoanzishwa mwaka 2003 na ambayo njia zake zimewahi kupita Kenya na Tanzania, akiendesha Porsche 911. Katika mashindano ya namna hiyo rangi huhesabiwa kuwa kitu cha kupotea. Mwenye gari lake binafsi hawezi kuihesabu hivyo, kwani mahali jiwe linapofika kwenye chuma, maji na oksijeni hufuata, na kutu huanza kutambaa chini ya rangi iliyobaki nzima.

UTANDO UNAVYOFANYA KAZI

Poliurethani ilivumbuliwa mwaka 1937 na Otto Bayer na wenzake huko Leverkusen, Ujerumani. Wakati wa vita vya Vietnam, Wamarekani walitumia tepu ya plastiki ya jamii hiyo kukinga panga za helikopta zisiliwe na mchanga. Kutoka hapo ilihamia katika magari ya mashindano, na hatimaye katika magari ya watu binafsi.

Utando wa leo una unene wa maikromita 150 hadi 200 hivi, yaani unaweza kuzidi unene wa rangi yote iliyo chini yake. Una sehemu tatu. Chini kuna gundi ya akriliki inayoshika kwa kukandamizwa. Katikati kuna poliurethani yenyewe. Juu kuna tabaka jembamba la kuzuia madoa.

Siri yake imo katika molekuli. Mnyororo wa poliurethani una vipande vigumu na vipande laini vinavyopokezana. Vipande vigumu hushikana na kuupa utando nguvu. Vile laini hunyumbuka kama mpira. Jiwe likigonga, utando hubonyea kisha hurudi. Muda wa kusimama kwa jiwe hurefuka, na eneo linalopokea nguvu hupanuka. Kwa hiyo shinikizo linaloifikia rangi hupungua. Ni kanuni ileile inayomfanya mdaka mpira arudishe mikono nyuma anapoupokea. Aidha, mikwaruzo midogo iliyo juu ya utando huweza kujifuta kwa joto la jua la mchana, kwa sababu minyororo iliyosukumwa hurudi mahali pake. Lakini utando uliokatwa au kutobolewa haujiungi tena.

Poliurethani si zote sawa. Zipo ambazo molekuli zake zina pete za kaboni za jamii ya benzini. Hizi hugeuka njano zikipigwa na urujuanimno. Nyingine hazina pete hizo, nazo hudumu angavu kwa muda mrefu zaidi. Utando wa bei ya chini mno aghalabu hujifichua baada ya misimu michache ya jua, hasa juu ya gari jeupe.

KAZI YA KIWANDANI

Kiwandani utando hubandikwa juu ya rangi ambayo haijapata kukutana na barabara. Hakuna lami, hakuna mikwaruzo, hakuna nta. Chumba ni safi, mwanga unatosha, na vipande vimekatwa kwa mashine kulingana na michoro ya gari lenyewe. Hakuna kisu kinachopitishwa juu ya rangi. Faida hizi ni kubwa.

Hata hivyo, zipo kasoro ambazo mnunuzi huzisahau. Mara nyingi kiwanda hukinga sehemu chache tu, kama vile mbele ya magurudumu ya nyuma na kwenye vizingiti vya milango. Boneti na bampa huachwa wazi mpaka mnunuzi alipie zaidi, pale ambapo huduma hiyo ipo. Tena, kipande kilichokatwa tayari kwa kawaida huishia milimita chache kabla ya ukingo wa bati, ili kirahisishe kazi. Katika nchi yenye lami safi mstari huo haudhuru. Katika vumbi la Arusha huwa mfereji mdogo ambamo vumbi hujikusanya hadi ukaonekana kama uzi mweusi. Mwisho, utando ukichanika mbali na kiwanda, atakayeubadilisha ni fundi wa karibu. Hivyo suala la fundi halikwepeki.

KAZI YA FUNDI WA KUJITEGEMEA

Fundi wa kujitegemea anaweza kufunika eneo kubwa zaidi, hata gari zima. Anaweza kufungua bampa na taa, akaupitisha utando nyuma ya ukingo usionekane. Anaweza pia kuisafisha na kuing'arisha rangi kabla ya kuifunika, na kuchagua utando kulingana na matumizi ya mwenye gari.

Lakini gari humfikia likiwa limekwisha kusafiri. Gari linaloshushwa bandarini Dar es Salaam na kuendeshwa hadi Arusha kupitia Chalinze, Segera, Same na Moshi limekwenda zaidi ya kilomita 600. Likifika, tayari lina madoa ya wadudu, matone ya lami na pengine alama za mawe. Utando hauponyi jeraha lililo chini yake; hulifunika tu. Kwa hiyo mwenye gari jipya angefanya vema kulisafirisha juu ya lori, au angalau kuliendesha polepole.

Hatari nyingine ni kisu. Fundi anayekata utando juu ya gari anaweza kuukata pamoja na klia, na mkato huo hauonekani hadi utando utakapotolewa miaka mingi baadaye. Ni heri kukata kwa kufuata kielelezo kabla ya kubandika, au kutumia uzi maalumu wa kukatia unaotandikwa chini ya utando na kuvutwa.

KANUNI YA KIUNGO DHAIFU

Palipo na utando pana viungo vitatu: utando na gundi, gundi na rangi, rangi na chuma. Siku ya kuutoa, kiungo kilicho dhaifu kuliko vyote ndicho kitakachoachia. Juu ya rangi iliyookwa kiwandani, aghalabu huachia gundi, na rangi hubaki salama. Juu ya rangi ya gereji iliyopulizwa bila kupigwa msasa vizuri, au iliyowekwa juu ya puti nene, huweza kuachia rangi yenyewe na kung'oka vipande vipande.

Jambo hili ni la kuzingatiwa hapa nchini, kwa kuwa magari mengi huingia yakiwa yametumika ng'ambo, na baadhi yamepakwa rangi upya bila mnunuzi kujua. Chombo kidogo cha kupimia unene wa rangi hufichua siri hiyo. Sehemu inayoonyesha maikromita 120 inaelekea kuwa ya awali. Inayoonyesha 300 au zaidi imekwisha kupita gereji. Rangi mpya ya gereji inahitaji pia kuachwa wiki kadhaa kabla ya kufunikwa, ili mvuke wa thina umalizike kutoka. Ikifunikwa mapema, mvuke huo hunaswa na kufanya viputo.

MAJI, BARIDI NA VUMBI

Utando hubandikwa kwa maji yenye sabuni kidogo ili uteleze hadi mahali pake. Kisha maji husukumwa nje kwa kipande cha mpira. Hapa mazingira ya Meru yana neno lake. Maji ya chemchemi na visima vingi vya miteremko ya mlima huu yana floridi na magadi kwa wingi. Ndiyo asili ya madoa ya kahawia katika meno ya wakazi wengi. Maji hayo yakikauka chini ya utando huacha chumvi ambayo huonekana kama ukungu. Fundi mwangalifu hutumia maji yaliyotoneshwa au maji safi ya mvua.

Hali ya hewa nayo ina sehemu yake. Asubuhi za Juni na Julai mjini Arusha ni za baridi. Utando huwa mgumu na gundi hushika kwa uvivu. Katika miezi ya ukame, upepo hupeleka vumbi ndani ya kila karakana yenye mlango wazi. Chembe moja ikinaswa chini ya utando huinua kipele kisichotoka. Karakana inayofaa ina milango ifungwayo, sakafu iliyoloweshwa maji, na joto la nyuzi 20 hadi 25 hivi.

AFYA YA FUNDI

Kila boneti inayookolewa isipakwe rangi upya ni saa kadhaa ambazo fundi mmoja havuti hewa chafu. Hadina ya rangi za gereji huwa na isosianati, kemikali inayoweza kusababisha pumu ya kudumu. Mtu akishadhurika nayo, hata kiasi kidogo sana baadaye chaweza kumletea shambulio. Kitambaa kinachofungwa puani hakiuzuii mvuke wake. Kinachotakiwa ni chumba chenye mashine za kutoa hewa, na kifuniko cha uso kinachopelekewa hewa safi kwa bomba. Utando uliokwisha kutengenezwa hauna hatari hiyo kwa anayeubandika. Hata hivyo hauondoi wajibu wa kumlinda fundi wa rangi, ambaye kazi yake itaendelea kuhitajiwa.

JARIBIO LA DARASANI

Walimu wanaweza kuonyesha sehemu ya mambo haya kwa vifaa rahisi.

1. Chukua vipande vitatu vya chuma chembamba, vipake rangi ya mafuta ya aina moja, uviache vikauke kwa wiki mbili.

2. Kimoja kiache wazi. Cha pili kifunike kwa tepu pana angavu. Cha tatu kifunike kwa kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli kilichobandikwa kwa tepu yenye gundi pande zote mbili.

3. Simamisha bomba la plastiki la urefu wa mita moja. Chini yake weka kipande kimoja kikiwa kimeinama nyuzi 45. Mimina kilo mbili za changarawe iliyochekechwa. Rudia kwa kila kipande. Wote wavae miwani ya kukinga macho.

4. Toa tepu na mpira kwa uangalifu, kisha chovya vipande vyote katika maji ya mrututu. Palipo chuma kitupu patatanda shaba nyekundu. Hesabu alama hizo katika eneo la sentimita 10 kwa 10.

Wanafunzi wakokotoe kwamba changarawe iliyoanguka mita moja hufika na kasi ya mita 4.4 kwa sekunde, ambayo ni moja ya tano ya kasi ya gari letu la kilomita 80 kwa saa. Nishati ya kila chembe, basi, ni ndogo mara 25. Ndiyo maana changarawe nyingi inahitajika. Endapo rangi itang'oka pamoja na tepu, jaribio halijaharibika: wanafunzi wameiona kanuni ya kiungo dhaifu kwa macho yao.

HITIMISHO

Kiwanda kina ubora wa usafi na rangi isiyoguswa. Fundi wa kujitegemea ana ubora wa kufunika eneo kubwa na kumaliza kingo. Kwa mazingira ya Arusha, ambako mawe hupiga pua ya gari na vumbi hutafuta kila ukingo, vipande vichache vya kiwandani peke yake havitoshi kwa gari linalopita njia za changarawe. Vikiwapo, viachwe mahali pake vikiwa vizima, na fundi akinge sehemu zilizobaki, hasa boneti, bampa na vioo vya pembeni.

Kabla ya kumkabidhi gari, mwenye gari na amwulize fundi huyo maswali haya. Anakatia wapi utando? Anatumia maji gani? Karakana yake inafungwa? Poliurethani yake ni ya aina isiyogeuka njano? Amepima unene wa rangi? Fundi anayejibu bila kusita na kuonyesha kazi ya miaka miwili au mitatu iliyopita yafaa aaminiwe kuliko tangazo lolote. Na asiyeweza kulipia utando asikate tamaa: maji mengi kabla ya kitambaa, kivuli wakati wa jua kali, na mwendo wa pole nyuma ya lori la changarawe vitamhifadhia sehemu kubwa ya rangi yake.